Pua ya Mama Mbonea

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya wageni katika mji wa milimani, mji ambao ukungu huingia mpaka sebuleni bila kubisha hodi. Jina lake Mama Mbonea. Nyumba ilikuwa na vyumba tisa, na sifa yake ilifika hadi mabondeni: ilinukia usafi. Mgeni aliyeshuka kwenye basi akiuliza pa kulala aliambiwa afuate pua yake tu, angefika.

Aliyeifanya inukie hivyo ni Namkunda, aliyemfanyia kazi kwa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi Namkunda alipiga deki vyumba vyote, kisha akasimama ukutani na ndoo yake. Mama Mbonea alikuja, akasimama mlangoni, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Hakuinama kutazama chini ya kitanda, hakupitisha kidole kwenye pembe za sakafu. Alinusa tu. Akiitikia kwa kichwa, chumba kimetakata. Akikunja uso, kazi inaanza upya.

Tusimwonee mama huyu. Alipokuwa mtoto, kipindupindu kilipita kijijini kwao kikachukua ndugu zake wawili ndani ya juma moja. Kisha wakaja watu wa afya, wakamwaga dawa kila mahali, ikanuka mpaka watu wakatokwa na machozi, na vifo vikakoma. Watu wale walichemsha maji, walichimba vyoo, walifundisha watoto kunawa. Yote hayo aliyasahau. Alibaki na harufu, akaipenda kama mtu anavyompenda aliyemwokoa.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kukunja uso. Alilalamika kwamba dawa ya deki haijakolea. Namkunda akaongeza kifuniko kimoja, mwaka uliofuata akaongeza nusu kikombe. Mwishowe akawa anachanganya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na dawa ya choo ndani ya ndoo moja, jambo ambalo chupa zenyewe zilikataza kwa maandishi mekundu. Moshi usio na moto ulipanda, ukamchoma kooni. Alijifunga kanga puani, akaendelea na kazi.

Nyumbani kwake ni juu, mwisho wa mteremko. Zamani alipanda bila kusimama, tena akiimba. Mwaka wa tatu alianza kuketi kwenye jiwe moja njiani. Mwaka wa saba mawe yakawa matatu. Mwaka wa kumi na moja yalikuwa sita, na kwenye lile la sita usingizi ulimpitia, mchana mweupe, ukungu ukimzunguka miguuni. Ndoto ilikuwa ileile ya siku zote. Yumo katika nyumba isiyo na kuta, upepo unaingia na kutoka, mapazia yanaelea hayajashikwa na kitu, naye amefungua kinywa apige kigelegele, na hakitoki.

Aliamka na machozi, maana alijua ndoto ile inasema nini. Binti yake wa pekee, Nakiete, alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Kwao, bibi harusi anapovuka kizingiti, kigelegele cha kwanza ni cha mama yake mzazi, na hakuna shangazi wala jirani anayethubutu kumtangulia. Mama asipokipiga, binti huondoka kimyakimya. Namkunda alijaribu palepale kwenye jiwe, peke yake. Kilichotoka ni kikohozi.

Ndipo alipokuja mgeni, Dokta Salvina, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza dawa za usafi na vifua vya wanaozitumia. Kikohozi cha Namkunda alikisikia hata kabla hajaandaliwa chai. Akaomba vyumba viwili. Kimoja kisafishwe kama kawaida, kingine kwa sabuni ya kawaida na mashine yake ndogo iliyotoa mvuke wa maji ya moto. Akagusisha pamba kwenye sakafu zote mbili, akaipaka kwenye visahani vya kioo ambamo uchafu usioonekana huota kama kuvu kwenye mkate. Kila chumba akakitundikia ukutani karatasi nyeupe ya kupimia hewa.

Siku ya tatu visahani vyote vilikuwa vitupu, hakuna kilichoota. Sakafu zilitakata sawasawa. Karatasi ya chumba cha mvuke ilibaki nyeupe. Ya chumba cha dawa ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu, na Dokta alimweleza mwenye nyumba kwa upole kwamba hewa iliyoibabua ile karatasi ndiyo anayoivuta Namkunda kila siku.

Mama Mbonea alisikiliza kwa adabu. Akajibu kwamba visahani ni vizuri, lakini hawezi kumlaza mtu katika chumba kisichonukia, na atakayepiga deki bila dawa ajue hana kazi. Dokta aliondoka na basi la asubuhi. Mashine yake alimwachia Namkunda, ikakaa stoo juma zima, maana aliogopa kufukuzwa.

Asubuhi moja Namkunda alifungua chupa, na mkono ukakataa kumimina. Alisimama hivyo kitambo, akiiona ile nyumba isiyo na kuta. Kisha akaifunga chupa. Alifungua madirisha yote, akaosha vyumba tisa kwa sabuni na mvuke, na ukungu ukaingia kumtazama, ukinukia udongo uliolowa. Akasimama ukutani na ndoo yake, tayari kufukuzwa.

Mama Mbonea akaja. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko siku zote. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu.

"Leo, mwanangu, dawa umeikoleza sawasawa."

Namkunda alidhani anataniwa. Akautazama uso wa bosi wake, hauna utani. Ndipo akaelewa. Pua ile ilikufa zamani, imeuawa na harufu ileile iliyoipenda, na kilichonuswa mlangoni miaka yote hii kilikuwa ni kumbukumbu. Asubuhi za kukunja uso zilikuwa asubuhi ambazo mama huyo aliamka na hofu tu. Namkunda alikuwa amekiunguza kifua chake kwa ajili ya mtu asiyenusa kitu! Hasira ilimpanda, na huruma nayo ikaja nyuma yake. Alimshika yule mama mkono, akampeleka stoo, akafungua chupa kali kuliko zote na kuisogeza chini ya pua yake. Mama Mbonea alivuta pumzi mara moja, akavuta tena. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na tangu siku ile vyumba vikaoshwa kwa sabuni na mvuke.

Baada ya mavuno Nakiete alivuka kizingiti. Kigelegele cha mama yake kilikuwa kifupi, kikakatika katikati, kikashikwa tena, na watu wakasubiri mpaka kikaisha. Mteremkoni, kati ya mawe sita, Namkunda alikuwa ameweza kuyapita mawili bila kuketi.

Na wewe unayesimama mlangoni mwa jasho la mwenzako ukisema bado haijakolea, una hakika gani kwamba pua yako ingali hai?