Poa Ipi, Shemeji?

— Wenzangu, nina jambo!
— Liseme tulisikie!
— Lina mkia!
— Tuushike, usitukimbie!

Wa kwanza kumfundisha Mama Pimbi neno "poa" alikuwa Kindi, aliyerudi kutoka mjini. "Dada, neno hilo moja linafanya kazi ya maneno kumi," alimwambia. Mama Pimbi akacheka tu, akarudi jikoni. Alikuwa na watoto sita na chungu kimoja cha kunde.

Kunde zilipoiva, mlango ukalia: ngo! ngo! ngo!

"Hodi humu!"

Alikuwa Fisi. Kila nyumba aliyoingia, alilamba chungu mpaka chini, na watoto wa nyumba hiyo walilala na njaa.

Mama Pimbi alijua kwamba mgeni havuki kizingiti kabla salamu hazijaisha. Tena Fisi, tangu akae mjini siku mbili, aliogopa kuitwa mshamba kuliko alivyomwogopa Simba. Na juu ya mti, Ngedere walikuwa wameshakaa kumtazama.

Akawakonyeza watoto, akawaonyesha kata, mabakuli yao na ufa wa ukuta wa nyuma. Kisha akasimama mlangoni.

"Mambo, shemeji?"

"Poa!" Fisi akanyanyua mguu aingie.

"Poa ipi?"

Mguu ukabaki hewani. "Kwani ziko ngapi?"

"Hee! Mtoto wa mjini hajui!"

Mtini: kwe-kwe-kwe!

"Najua sana!" Fisi akarudisha mguu nje. "Nakupima tu. Anza wewe."

"Haya. Kuna poa ya mzima wa afya."

Ndani, kata ikalia: chwa!

"Kuna poa ya bei nafuu."

Chwa!

"Kuna poa ya tumekubaliana."

Chwa!

"Kuna poa ya kumsifu mtu mwenye roho nzuri. Hiyo haikuhusu."

Chwa!

Tumbo la Fisi likanguruma: ngurrr! "Shemeji, zimebaki nyingi?"

"Mtu wa mjini ana haraka?"

Kwe-kwe-kwe!

"Sina haraka! Endelea!"

"Kuna poa ya kumtuliza mwenye hasira. Na kuna ile ya kumwambia mtu nimekuchoka, nenda zako."

Chwa! Chwa! Kisha kimya.

"Basi, salamu zimeisha. Karibu ndani, shemeji."

Fisi akaruka kizingiti, akatumbukiza kichwa chunguni, kwapu! Chungu kikavu! Mama Pimbi naye, purr, akapita kwenye ufa, akawafuata wanawe. Ufa huo haukutosha hata sikio la Fisi.

"Mambo, Fisi?" Ngedere wakapiga kelele.

"Poa," akajibu Fisi, kichwa kikiwa bado chunguni. Hakuna aliyemuuliza poa ipi.

Asubuhi yake, Mama Pimbi aliwapanga watoto wake sita. "Wanangu, nisimsikie mtu akisema maneno ya mitaani. Hayana faida hata kidogo." Kisha akafunika bakuli la kunde, akaenda kwa Kindi kuuliza kama mjini kumetoka neno jingine.

— Mkia mnao?
— Tunao!
— Uachieni, jambo langu liende zake.