Sultani Aliyeonja Chumvi ya Mji Mzima

"Bwana, mvua imekwisha kunyesha. Siwa yetu inarudi lini?"

Hapo zamani, katika mji wa Pwacha, mzee Kombo msuka mikeka alimwuliza mtawala hivyo mbele ya watu. Kila mtu aliangalia ndara zake. Siwa ile, pembe ya enzi, wazee walimwazima Fumo Bwakari mwaka wa njaa, kwa msimu mmoja tu, apate kugawa nafaka. Njaa ikaondoka, Fumo asiondoke. Akachukua na muhuri wa kadhi, eti kadhi amezeeka; akavunja shauri la wazee, eti wapumzike; akajiita Sultani. Basi Kombo akatiwa gerezani, na mpiga mbiu akatangaza: mtu asiamue neno lolote ila kwa idhini ya Sultani.

Mize binti Kombo, asiye na hata kibaba cha mtama, akaenda kumwombea babaye.

"Babako atatoka," Sultani akasema akicheka, "siku utakayonisikia nikisema nimechoka kuamua peke yangu."

"Ahsante, bwana wangu. Nami nitaitii mbiu yako."

Alfajiri Mize akapiga hodi, chungu cha mchuzi mkononi. "Onja, bwana. Niongeze chumvi, nisiongeze?" Na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na chungu chake.

Sultani akaonja, akaamuru, akatamba: "Mnaona? Hata chumvi hawaijui bila mimi."

Siku ya pili ulimi ukamwaka. Mwenye kuku akauliza yupi aatamie. Bwana harusi akauliza atangulize mguu gani chumbani. Wagomvi wawili wakauliza nani aanze kutukana. Ikawa safu imeuzunguka msikiti. Siku ya tatu Sultani akaitisha wali.

"Nimepanga foleni kuomba idhini ya kuupakua," mpishi akasema. "Mimi ni wa mia tatu na sita."

"Pakua, mpumbavu wee."

"Kwa zamu, bwana. Bi Chiku ametangulia, yeye na mbuzi wake."

Sultani akajiinamia. "Jamani, nimechoka. Siwezi kuamua peke yangu."

"Rudia, bwana," Mize akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, tumbo likanguruma katikati ya maneno, hata mwenyewe akacheka. Basi Kombo akafunguliwa, na wazee wale waliopumzishwa kwa nguvu wakaja wakaichukua siwa kwa mikono yao.

Nawe unisikilizaye, nakuomba: kesho kukiitwa baraza la kuamua mambo ya mji, njoo mapema, ukae mbele.