Chumvi ya Sufuria Isiyoonjwa

Mfuniko wa bati ulianguka uani saa tisa za usiku, ukazunguka sakafuni ukivuma, ukatulia. Sauti hiyo moja tu, kisha kimya. Lakini mama mmoja aliyekuwa jikoni, bakuli la chumvi karibu na mkono wake, aliisikia akatoka mbio kwenda kutazama. Na mfano wangu wa leo, wapendwa, umekaa ndani ya zile dakika ambazo hakuwapo.

Niwaeleze. Huyo mama alikuwa mpishi wa harusi za Wahindi. Yeye si Mhindi, ni mtu wa kwetu, lakini miaka kumi na tisa alipika jikoni nyuma ya ukumbi wa hekalu lao huko Mombasa, mpaka mabibi wa Kihindi wenyewe walimwita wakitaka kujua dengu iive kiasi gani. Harusi hii ilikuwa ya watu mia sita. Mchana wangekula wali, puri, ile mikate myembamba ya kukaangwa, mboga mbili, na mchuzi wa dengu kutoka sufuria yake yeye, sufuria ambayo mtoto wa miaka minane angeweza kuoga ndani yake.

Na jikoni mle palikuwa na sharti. Chakula hakionjwi. Kabla mgeni yeyote hajala, kuhani wao huja na sinia la fedha, akapakuliwa kidogo cha kila kitu, akakipeleka kwanza madhabahuni. Kilichoonjwa hakifai tena kupelekwa. Kwa hiyo mpishi hadondoshi mchuzi kiganjani, halambi kidole. Anatia chumvi kwa mkono na kwa kumbukumbu. Ibada yao si yetu, lakini adabu hiyo, nawaambia kweli, nimeipenda.

Alikuwamo mpishi mwingine mle, wa puri na mboga. Walipika wamepeana migongo, hatua sita kati yao. Zamani walikuwa marafiki wa kuazimana kanga na kulishana. Kisha mama mzazi wa huyu wa kwanza akafariki, na siku ya mazishi yule wa pili hakuonekana. Alikuwa amekwenda kupika harusi Malindi. Kesho yake alikuja na birika la chai na machozi, akakuta mlango umefungwa. Ujumbe ukatokea dirishani: "Mwambieni asinisemeshe tena. Na jina langu asilitie mdomoni."

Na yeye mwenyewe jina la mwenzake hakulitamka. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa nne. Alimwita "huyo." Akikasirika alimwita "huyo wa Malindi." Mambo ya kazi yalipitia kwa fundi wa majiko ya gesi, mzee mcheshi aliyesimama katikati yao akigeuza shingo huku na huku.

"Mwambie huyo sufuria yake inachemka."

"Mama, sufuria yako inachemka."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia. Na mimi nimesikia. Ukumbi mzima umesikia. Hii kazi ya kubeba maneno mtanilipa lini?"

Jiko zima lilicheka, isipokuwa hao wawili.

Basi rudini nami uani. Mama alikuta paka ameusukuma mfuniko wa ndoo ya maziwa. Akamfukuza, akaifunika ndoo, akaifunga kwa kamba, akatazama na magunia ya unga kama yako salama. Aliporudi ndani akashika mwiko, akakoroga dengu, akapunguza moto, akaanza kuchambua majani ya kotmiri. Mikono ilikuwa jikoni, akili imebaki kule nje.

Kulipokucha wanawake thelathini waliingia kukata na kuosha. Ikafika saa tano na nusu. Dengu imeiva. Barabarani bwana harusi anakuja na ngoma zake. Mama akainua macho, akaliona bakuli lake la chumvi limepinduliwa juu ya kichanja cha vyombo. Tupu. Limeoshwa.

Niliitia? Au nilitoka kabla ya kuitia, na aliyeosha bakuli akaimwaga?

Msimcheke. Wewe uliyekuja kanisani asubuhi hii, mlango wa nyumbani kwako umeufunga kwa ufunguo? Una hakika? Jambo ulifanyalo kila siku kwa mkono uleule haliachi alama kichwani. Akiitia sasa na kumbe ilikuwamo, wageni mia sita watatema. Asipoitia na kumbe haikuwamo, bibi harusi atakumbukwa kwa dengu ya maji matupu. Na juma lile lile mwenye kazi alikuwa amemwambia, kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, kwamba kuna wapishi wapya mjini, wazuri, wanaomba kujaribiwa. Kazi ya miaka kumi na tisa, watoto watatu nyuma yake, na yote yamekaa juu ya swali la konzi moja ya chumvi.

Angeonja tu. Ncha ya kidole. Nani angemwona?

Kidole alikiinua. Akakirudisha. Wale watu walikuwa wamemwamini miaka yote kwa jambo ambalo hakuna awezaye kulihakiki, na hilo lilimshinda kulivunja.

Usiku ule, mbele ya moto, walikuwa wawili tu. Kama kuna aliyejua, ni huyo. Na mzee wa kubeba maneno? Ametumwa kuchukua maua upande wa pili wa mji. Kuhani ameshatokea mlangoni, sinia mkononi.

"Tayari, mama?"

"Dakika moja tu, mheshimiwa."

Akachota chumvi guniani kwa mkono wa kulia, kiganja kimejaa, akakisimamisha juu ya mvuke. Akaita, "We!" Ngoma zikaimeza sauti yake. Akaita, "Dada!" Wanawake saba wakageuka, kila mmoja akidhani ni yeye, ila yule mmoja, aliyeendelea kugeuza puri kwenye mafuta. Amfuate amshike bega? Jikoni humgusi mtu aliyeinamia mafuta ya moto. Lilibaki neno moja tu la kumgeuza mwanamke yule, jina lake, na neno hilo mama alikuwa amelifungia miaka minne.

Nimsimamishe hapohapo, mkono juu ya sufuria. Ninyi niwaambie asilolijua yeye.

Chumvi imo. Ameitia huyo wa Malindi.

Aliiona dengu imelainika, aliliona bakuli limeachwa. Akavuka zile hatua sita, akaitia kwa kipimo wanachokijua wawili hao peke yao, kwa kuwa walifundishana. Akakoroga polepole. Akaosha bakuli, akaliweka mahali pake, akarudi kwenye unga wake. Hakusema kitu. Angesemaje? Alikatazwa. Katazo lile alilishika kwa miaka minne kama mtu alipaye faini, na asubuhi nzima hiyo alikaa amegeuka, wema wake umekaa ndani ya sufuria ya mwenzake, hana ruhusa ya kuutaja.

Sasa sisi. Tunajua kupeana mikono ya amani hapa kila Jumapili. Nami nikiwa huku mbele naona jinsi mikono inavyojua kuruka mtu: inakwenda kwa wa kushoto, inamvuka mmoja, inashika wa tatu, na nyuso zinatabasamu. Tuna watu wanaoitwa "huyo" katika nyumba zetu. Tuna ndugu ambao habari zao tunaletewa na watoto.

Siwaambii kwamba yule hakukosa siku ya mazishi. Alikosa, na kosa lenyewe linauma. Ninauliza jingine. Tangu tulipofunga mlango na kusema asinisemeshe, ni mangapi tumetendewa na mtu huyohuyo, kimya, usiku, tukiwa tumetoka? Nani alimwombea mtoto wako alipolazwa? Nani alikutetea kwenye kikao ambacho hukualikwa? Hujui. Huwezi kujua. Ulimwambia asilitie jina lako mdomoni, naye ametii. Na leo umesimama na chumvi kiganjani, uko tayari kuharibu kitu ambacho kimeshatengenezwa, kwa sababu tu hutaki kuuliza.

Tunamwomba Mungu atuonyeshe ukweli. Mara nyingine ukweli uko hatua sita nyuma yetu, unakaanga puri, unangoja kuitwa.

Kuhani anatazama. Ngoma zimefika langoni. Mama akakikunja kiganja, chumvi ikabaki ndani. Akageuka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne akautazama mgongo ule, akavuta pumzi, akaita, na sauti yake ikapita juu ya ngoma.

"Wakesho."