Mahali pa Kulaza Lori

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama wagonjwa. Nasema, paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Sogezeni kuni, na wewe acha kumfinya mwenzako.

Miaka hiyo, ambayo hata mimi nilisimuliwa tu, wanyama ndio walioendesha malori na wanadamu wakatumia kilichomo. Barabara moja ndefu ilitoka pwani, ikapasua nchi kavu hadi kwenye maziwa makuu. Kila kitu kilipita humo: chumvi, sabuni, mabati, dawa. Kongoni alikuwa dereva wa barabara hiyo, mpole, asiyepiga honi ovyo. Lakini hakuwa na mahali pa kulala. Si yeye tu, madereva wote. Lori halifungwi kwenye mti kama mbuzi jamani, linataka nafasi, na nafasi haikuwapo.

Siku moja Kongoni alisimama kando ya barabara, akatandika mkeka chini ya lori lake. Askari Fisi akaja na rungu.

"Ondoa!"

"Afande, nina usingizi. Nilale wapi?"

"Popote, ila si hapa!"

Akaenda sheli. Mwenye sheli, Ngiri, akatoka mbio mkia juu.

"Ondoa! Unanizibia wateja."

"Bwana Ngiri, nina usingizi. Nilale wapi?"

"Popote, ila si hapa!"

Akafika kijijini. Watu wakaokota mawe.

"Ondoa! Watoto wetu wanacheza hapa."

"Ndugu zangu, nina usingizi. Nilale wapi?"

"Popote, ila si hapa!"

Niambieni nyie wenye akili, hiyo popote iko wapi? Mimi nimezeeka sijaiona.

Basi madereva wakawa wanaendesha huku wanasinzia. Ndipo lori moja likaacha njia, likamgonga mkulima aitwaye Madeje, akiwa juu ya baiskeli yake anatoka shamba. Alikufa palepale. Alimwacha mkewe, Bi Sechelela, na shamba la kando ya barabara ambalo alikuwa ametoka kuliinulia matuta asubuhi ile ile. Mama yule hakuyagusa. Hakupanda karanga, hakupanda choroko. Alikaa mlangoni akiyatazama, maana ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe. Inauma, wajukuu zangu. Inauma sana.

Kilio kikamfikia mfalme, Tembo. Msidhani alikuwa mbaya. Alisikitika kwelikweli, hata chakula hakikupita. Akamwita waziri wake, Mbuni.

"Fanya jambo."

Mbuni akafanya. Akasimamisha vibao barabara nzima: MARUFUKU KUPAKI. Akarudi kifua mbele.

"Mtukufu, tatizo limekwisha. Hakuna lori hata moja lililopaki."

Kweli hakuna! Yote yalikuwa yanatembea, na wenye kuyaendesha wamefumba macho. Watu wakazidi kufa.

"Mbuni, fanya jambo jingine."

Mbuni akajenga uwanja wa malori, mkubwa, una ukuta na geti la rangi ya samawati. Akaujenga juu ya mlima, kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Lori lenye shehena lipande mlima ule? Thubutu!

"Uwanja umejaa?" Tembo akauliza.

"Umejaa, Mtukufu."

"Umejaa malori?"

Mbuni akajikuna shingo. "Nyani, Mtukufu."

Tembo akapiga mguu chini. "Nataka mahali kando ya barabara, palipo tambarare, tena haraka!"

Mbuni akazunguka. Huku korongo, kule majabali. Tambarare ilikuwa moja tu, nayo ni shamba la Bi Sechelela. Akaenda kubisha hodi.

"Mama, mfalme anaomba shamba hili. Atakupa jingine kubwa."

"Sitaki."

"Atakujengea nyumba ya bati."

"Sitaki."

"Mama, malori yanahitaji pa kulala."

"Yalale popote, ila si hapa! Yameniulia mume, halafu niyatandikie kitanda?"

Mbuni akainamisha ile shingo yake ndefu. "Basi mfalme atakuja mwenyewe kulichukua. Sheria inamruhusu."

Mkiniuliza mimi, mama alikuwa na haki. Msinikatishe, najua mnachotaka kusema. Alikuwa na haki.

Siku mbili baadaye, jua la mchana likiwaka, lori likasimama mbele ya shamba. Kongoni akashuka, macho mekundu. Akabisha, "Hodi hapa." Bi Sechelela akatoka na jembe mkononi.

"Wewe ni nani?"

"Kongoni, mama. Dereva."

Jembe likapanda juu.

"Nipige," Kongoni akasema, "ila niache nilale. Tangu kule mtoni nimesinzia, nikashtuka, nikasinzia tena. Hapo mbele watoto wanatoka shule. Nikiendelea nitaua mtu."

Mama akasimama vile vile na jembe lake hewani.

"Yule aliyemuua mume wangu, naye alikuwa na usingizi?"

"Alikuwa nao, mama. Ni mwenzangu, namjua. Alifukuzwa na askari, akafukuzwa sheli, akafukuzwa kijijini. Siku hizi hashiki tena usukani. Anakaa tu."

Mama akageuka. Alitazama barabara, upande ule wa shuleni. Akatazama matuta ya Madeje. Kisha akashusha jembe, akasema kwa sauti ndogo, "Ingiza."

"Niingizie wapi, mama? Pana matuta."

"Nimeona kwamba pana matuta! Nimesema ingiza. Pita juu yake kabla sijabadili mawazo."

Lori likaingia. Tairi zikayalaza matuta, moja baada ya jingine, na Bi Sechelela akalia kama alivyolia siku ya msiba. Kongoni akaweka mawe nyuma ya tairi, akatandika mkeka chini ya lori, na kabla hajasema asante akawa anakoroma.

Madereva waliofuata wakaliona lori limelala shambani. Akaja Pundamilia, akabisha hodi. Akaja Nyumbu, akabisha hodi. Akaja Swala na lori lake la sabuni, naye akabisha hodi. Mama akawaingiza wote, akakaa katikati yao, akifukuza mbuzi wasitafune maturubai.

Mara vumbi likatimka. Mfalme huyo! Tembo mbele, Mbuni pembeni na hotuba kwapani, nyuma yao askari, ngoma na matarumbeta. Wanakuja kuchukua shamba. Ngoma zikalia, du du du! Bi Sechelela akainuka, akawaendea mkono juu.

"Nyamazeni! Wenzenu wamelala."

Ngoma zikakatika. Tembo akachungulia chini ya malori, akaona miguu imejipanga mikekani.

"Mama," akanong'ona, mfalme mzima ananong'ona, "umekubali?"

"Nimekubali. Lakini nataka maji hapa, na choo, na mlinzi wa mizigo, maana sitafukuza mbuzi maisha yangu yote. Shamba ni langu, wewe utanipangisha... ah, umenichanganya! Mimi ndiye nitakupangisha wewe. Na ng'oa vibao vyako."

"Vitang'olewa."

Mbuni akafungua hotuba, akakohoa kusafisha koo. Bi Sechelela akamkata jicho. Mbuni akaikunja.

Tembo akakaa chini vumbini. "Tuwasubiri waamke," akasema. "Tumewafanyia mengi bila kuwauliza."

Wakasubiri, serikali nzima, kimya. Jua lilipoanza kupoa Kongoni akafumbua jicho. Akaona askari. Akaona waziri. Akaona mfalme! Akaruka, akagonga kichwa kwenye ekseli, akashika mkeka huku, funguo kule.

"Naondoka, Mtukufu! Nisameheni, naondoka sasa hivi!"

Tembo akanyoosha mkonga, akamrudisha taratibu mkekani.

"Umelala vya kutosha?"

Kongoni akamtazama. Hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Bado, Mtukufu."

"Basi lala."

Mimi hadithi yangu nimeifikisha hapo, sina nyingine mfukoni. Mwenye usingizi asione haya, mkeka ule pale.