Maji ya Mbalamwezi

Mtaa mzima wa Mkunguni ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, nacho kilikuwa uani kwa Bwana Famau. Siku moja alikitia kufuli. Alisema kelele za ndoo zinamkatizia usingizi wa asubuhi.

Wanawake wakamtuma Bi Sauda, muuza vitumbua. Alimngoja nje ya msikiti baada ya Magharibi, watu wamejaa, mwezi mpevu ndio kwanza unachomoza.

“Bwana, hatuombi kila saa. Turuhusu mwezi ukiwa angani tu.”

Bwana Famau aliona nafasi ya kuitwa karimu bure. Mwanamke gani angeacha kitanda chake akachote maji usiku?

“Nimekubali. Hawa wote mashahidi.”

“Tangu uchomoze mpaka utue?”

“Mpaka utue.”

“Hata ukiwa nusu?”

“Hata ukiwa mwembamba kama ukucha, Bi Sauda. Mimi si bahili.” Akamkabidhi ufunguo.

Juma zima walichota usiku, naye akakoroma. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, kishindo cha ndoo kilimtoa kitandani. Alitoka mbio na shuka kiunoni, akakuta ua umefurika wanawake.

“Bi Sauda, jua lote hilo hulioni?”

“Naliona, Bwana. Na yule mwenzake je?”

Alinyoosha kata kuelekea magharibi. Juu ya mnara wa msikiti ulining'inia nusu mwezi, mweupe kama kipande cha nazi.

Bwana Famau aliutazama, akakaza shuka kiunoni. “Unatua saa ngapi?”

“Leo adhuhuri, kesho utachelewa kidogo,” Bi Sauda alijibu, akivuta kamba. “Rudi ulale, Bwana. Ukitua tutakuamsha.”