Mkebe wa Maame Bentsiwa

Wema hauozi, walisema wahenga. Maana yake ni kwamba jambo jema ulilomtendea mtu halichachi kama uji wa jana. Hukaa, na siku usiyoitazamia hukurudia likiwa bado na ladha yake. Wapo wanaoikubali methali hii tangu utotoni, na wapo wanaotaka kwanza waone kwa macho. Mwalimu Ebo Arhin wa Cape Coast alikuwa wa kundi la pili, nami sishangai, maana nilimjua vizuri. Aliamini ramani kuliko maneno ya watu.

Mwalimu Arhin alifundisha jiografia hadi mvi zikamjaa kichwani. Mto alioupenda kuliko yote ulikuwa Rhine. Aliuchora ubaoni kwa chaki ya buluu, polepole, kama mtu anayeandika barua ya mapenzi, na mwanafunzi aliyekosea mahali unapoishia alionja fimbo. Siku ya harusi yake, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, alimwahidi bibi harusi, Aba Mensima, kwamba siku moja watakula chakula cha jioni ukingoni mwa mto huo. Watu walipiga makofi. Kisha miaka ikapita, watoto wakasomeshwa, nyumba ikaezekwa, na ahadi ikageuka utani wa mtaa. "Mwalimu, Rhine haijakauka?" walimwuliza sokoni. Aba peke yake hakuwahi kumwuliza, na kimya hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Alipostaafu, alikusanya akiba yake yote akapanga likizo ya Ulaya: ndege mpaka Brussels, kutoka hapo garimoshi mpaka Köln, na meza ya watu wawili kando ya mto, jioni ya siku ileile watakapotimiza miaka thelathini ya ndoa. Alijua kwamba fursa hiyo haitarudi. Ikimponyoka, angezeeka akiwa mume wa maneno matupu.

"Usimwambie mtu," alimwonya mkewe.

Kwetu safari haitangazwi. Watu husikia umekwenda ukiwa umeshafika. Tunaogopa macho ya husuda, na zaidi tunaogopa vifurushi, kwa sababu Mghana anayepanda ndege ni posta ya ukoo mzima.

Aba hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu tu, kanisani, kwa sauti, akitoa shukrani mbele ya akina mama wote wa kwaya.

Kesho yake vifurushi vikaanza kumiminika. Vingi Aba alivirudisha kwa maneno matamu, lakini kimoja kilimshinda. Maame Ekua Bentsiwa, mjane wa nyumba ya tatu, alileta mkebe mkubwa wa maziwa ya unga uliojaa shito, ile pilipili nyeusi inayokaangwa na samaki wakavu hadi mtaa mzima unapiga chafya. Ilikuwa ya mwanawe Kwamena, aliyekuwa akiishi Köln. Namba yake ya simu iliandikwa kwenye mfuniko.

"Mwanangu sijamtia machoni miaka mingi," alisema Maame. "Angalau aonje mkono wangu."

Mwalimu alingoja mjane aondoke, kisha akang'aka. "Kwamena gani? Yule mtoro wa darasa langu? Pilipili yake imfuate kwa miguu!"

"Mwalimu wangu, mama ni mama."

"Na kilo ni kilo! Tazama mizani hiyo."

Walikuwa wameazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza nyama, na sanduku lilikuwa limezidi. Basi siku ya safari, Aba alipoingia kuoga, Mwalimu aliutoa mkebe, akausukuma chini ya kitanda, na mahali pake akakunja koti zito la mtumba alilolinunua kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Mizani ikakubali. Mwalimu akatoka nje kumtafuta shemeji aliyekuwa awapeleke Accra, akipiga mluzi wa mtu asiye na hatia.

Alisahau jambo moja tu. Aba Mensima hakuwa mwanamke wa kuacha nyumba bila kufagia. Aliinama na ufagio, akaufikisha mvunguni, na ufagio ukagonga kitu kikalia kwa sauti ya chuma.

Asubuhi iliyofuata walishuka Brussels. Baridi iliwapokea mlangoni kama mdai aliyechoka kungoja. Mwalimu alifungua sanduku kwa madaha ya msafiri aliyejiandaa, akaingiza mkono, akakutana na mkebe uliovikwa soksi zake mwenyewe.

"Aba! Koti langu liko wapi?"

"Mvunguni," alijibu Aba akijifunga shali. "Palepale ulipouweka mkebe wa watu."

"Unataka nife ugenini?"

"Hufi. Makoti huku wanauza, Mwalimu. Shito ya Maame Bentsiwa hawauzi."

Mwalimu alinuna kuanzia uwanja wa ndege hadi stesheni. Huko alikuta sababu kubwa zaidi ya kununa. Ubao wa safari ulikuwa mtupu. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma tangu alfajiri, mabasi ya kwenda Köln yamejaa, na mama mmoja wa dirishani aliwaambia kwa upole warudi kesho.

Kesho! Na meza yao ilikuwa ya jioni hiyohiyo. Mwalimu aliketi juu ya sanduku. Akainamisha kichwa. "Nimeshindwa tena, Aba," alisema. "Nimekuleta mpaka huku kote, na bado nimeshindwa."

Aba alimshika mkono. Alisikia uchungu kumwona mtu mzima akiinama hivyo. Ili asilie, alitafuta la kufanya, akakumbuka namba ya kwenye mfuniko. Alitaka tu kumjulisha Kwamena kwamba mzigo wake utachelewa, asije akaungoja bure stesheni ya Köln.

"Umesema shito ya mama?" sauti ilipasuka kwenye simu. "Iko wapi saa hizi?"

"Tunayo hapa Brussels, mwanangu, ila treni zime..."

"Msisogee hapo! Mama, unanisikia? Hata mkiitwa na mfalme, msisogee!"

Mchana ulikuwa haujapinduka sana gari dogo lilipoegeshwa mbele ya stesheni, akashuka mwanamume mrefu mwenye ndevu. Kwamena alikuwa ameendesha kutoka Köln bila kusimama hata kunywa maji. Alimsalimu Aba kwa adabu zote, kisha adabu zikamwisha. Alifungua mkebe palepale, akachota kwa kidole, akafumba macho. Machozi yakamtiririka ndevuni.

"Pilipili hii kali," alisema.

"Pilipili gani?" Aba akamgonga begani. "We lia tu, baba."

Alipofumbua macho, Kwamena alimwona mzee aliyejikunyata nyuma ya sanduku. "Ei! Mwalimu Arhin! Si wewe ulinichapa kwa sababu ya mto Rhine?"

"Unaishia wapi?" Mwalimu aliuliza papo hapo, meno yakigongana.

"Bahari ya Kaskazini, Mwalimu! Nimehamia kando yake kabisa nisije nikasahau tena!"

Walicheka hadi wapita njia wakageuka. Kwamena alivua koti lake, akamvisha mwalimu wake na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akatia sanduku garini, na njia nzima Aba aliimbisha nyimbo za kwaya huku Kwamena akikosea maneno ya kila ubeti.

Kwa sababu ya mgomo barabara zilijaa magari, na saa ya meza yao ilikuwa imepita walipoingia Köln, lakini hakuna aliyeihesabu. Mke wa Kwamena alikwisha kuwafungia samaki wa kukaanga na kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na jua lilikuwa bado halijatua walipoketi kwenye benchi ukingoni mwa mto. Rhine ulikuwa mpana na wa kijivu, wala si wa buluu kama chaki. Mwalimu aliyatazama maji yake, akasimama, akaruka kama mtoto.

"Unaelekea kaskazini! Aba, unaelekea kaskazini, kama nilivyowaambia!"

"Nilikuamini siku zote," alisema Aba, vidole vimejaa shito. "Keti ule, chakula cha ahadi hakiliwi kwa kusimama."

"Asante kwa kunibebea mkono wa mama yangu, Mwalimu," alisema Kwamena.

Aba aligeuka taratibu kumtazama mumewe. Mwalimu alikohoa, akaliangalia koti alilovishwa, kisha akaangua kicheko.

"Usinishukuru mimi, mwanangu. Ingekuwa shauri langu, mkebe huu ungekuwa mvunguni Cape Coast, nami ningekuwa Brussels na koti langu, nalia stesheni. Mshukuru mama yako huyu."

Alimega kenkey, akaichovya kwenye shito ya Maame Bentsiwa, akamlisha mkewe kwa mkono wake mbele ya mto aliomwahidi. Na siku hiyo, mtu aliyetaka kuona kwa macho aliona, akaonja pia: wema hauozi.