Kicheko cha Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Kicheko?

Kipo!

Na kilio?

Kipo humo humo!

Hapo kale palikuwa na zimwi lenye vidole virefu kama miwa. Lilikuwa na sharti moja: lisimbebe mtu mpaka akubali mbele ya jumbe, mkuu wa kijiji.

Siku moja likamkuta binti mmoja, jina lake Mashavu, anatwanga mpunga uani kwao.

"Utakuja kwangu?"

"Siji ng'o!"

Basi likamtekenya mbavu. Mashavu akacheka. Likamtekenya kwapa. Akacheka. Likamtekenya unyayo. Akacheka mpaka machozi, mchi ukamponyoka. Watu wakajaa uani, na jumbe wao.

"Jumbe," zimwi likasema, "amecheka. Amekubali."

"Sikukubali!" Mashavu akasema, huku anacheka. "Kinywa kinacheka, moyo hautaki!"

Jumbe akakuna ndevu. "Mwanangu, mbona meno yote nje? Mtu anayeonewa hucheka?"

Mama yake akamtazama usoni, asijue ashike lipi. "Mashavu mwanangu, unataka au hutaki?"

Mashavu naye akachanganyikiwa. Mwili unaruka kama wa mtu wa harusini, tumbo linauma kama la mgonjwa. Akajiuliza: au kweli nimekubali, mwenyewe sijijui?

Jumbe asilizuie, basi zimwi likamtupa begani, likageuka lishike njia. Mikono ya Mashavu ikaning'inia, kidole kimoja kikaligusa kwapani. Zimwi likaruka: "Hii!"

Kumbe!

Mashavu akalitekenya. Hi! Akalitekenya. Hi hi! Akalitekenya kwa mikono miwili, zimwi likapiga magoti, linacheka, linalia.

"Umecheka," Mashavu akasema. "Umekubali kuniacha."

"Sijakubali! Toa mikono, we mtoto! Mtu akitekenywa hucheka tu, hata kama hataki!"

Watu wote uani wakamgeukia jumbe.

"Jumbe," mama akasema, "umesikia, au liseme tena?"

Jumbe akainamisha kichwa. "Nimesikia. Zimwi, mshushe binti wa watu."

Zimwi likamshusha, likaenda zake, linajishika makwapa.

Mama akanyoosha mkono amfute mwanawe machozi, akausimamisha njiani. "Nikuguse?"

Mashavu bado kwikwi za kicheko zinamtoka. Akafikiri.

"Niguse, mama."

Hadithi yangu imeishia hapo. Kicheko si ruhusa. Anayetaka kujua na aulize, na akiambiwa hapana, arudishe vidole vyake mfukoni. Nanyi mliocheka, sitasema mmeipenda mpaka niwaulize.